Uzito wa Bakuli Tupu

Madereva wa malori ya udongo humwita Rudi Upime. Jina lake halisi liko kwenye kadi ya kazini, lakini hata mhasibu akimtaka husema, "Niitie Rudi Upime." Yeye ni karani wa mizani katika kiwanda cha matofali. Lori likija na udongo hupanda kwenye mizani, naye huandika uzito wa kuingia. Likishamwaga mzigo kule nyuma hurudi, hupanda tena, naye huandika uzito wa kutoka. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo udongo, na ndiyo malipo. Dereva mwenye haraka humwambia, "Andika ule uzito wa siku zote, mzee, gari si lilelile?" Yeye hutoa kichwa dirishani na kusema bila kupaza sauti, "Rudi upime." Hajawahi kumsamehe hata mmoja, hata mpwa wa meneja.

Mimi hukaa dirisha la pili, naandika hati baada yake. Tumekaa chumba kimoja miaka kumi na tisa. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona kwa macho, mengine alinisimulia mwenyewe kidogo kidogo, kati ya lori na lori.

Mtoto wake wa mwisho ni msichana wa miaka mitano. Nyumbani wanamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajanyamaza. Alipokuwa na miaka mitatu alianza kunyamaza ghafla. Kichwa kinadondoka mbele kama cha mtu anayesinzia, na kama amesimama, mwili mzima unafuata. Sekunde mbili tatu, kisha anainuka na kuendelea na maneno yake palepale alipoyakatia, damu ikimtoka kwenye nyusi. Kifafa, waliambiwa hospitali. Dawa ya kwanza haikusaidia. Ya pili ilimlaza mchana kutwa. Ya tatu ilipunguza kidogo, kisha ikachoka. Mama yake ni mshonaji katika kiwanda cha sare, akamshonea kofia yenye sponji ndani, na sponji ikiisha nguvu hubadilisha. Baba akawa anahesabu. Kwa wastani alikuwa akianguka mara ishirini na mbili kwa siku.

Daktari ndiye aliyewaeleza habari za chakula cha mafuta. Alisema wapo watoto ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia, lakini mwili wao ukilazimishwa kujiendesha kwa mafuta badala ya wanga na sukari, kuanguka hupungua. Si kwa kila mtoto. Wala si kwa kukadiria kwa jicho: kila mlo unapimwa kwa gramu, mafuta sehemu tatu, protini na wanga vikijumlishwa sehemu moja. Wangejaribu miezi mitatu. Kuanguka kukipungua kwa nusu wangeendelea, kusipopungua wangeacha.

"Na tukiacha?" baba aliuliza.

"Tukiacha tutakaa tufikirie," daktari akasema.

Aliniambia neno hilo ndilo lililomtisha. Daktari akikuandikia dawa anajua afanyalo. Akisema mtakaa mfikirie, ujue na yeye amefika ukingoni mwa barabara.

Akaanza kununua. Kwanza mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja. Hakuiamini. Mkaguzi wa vipimo alipokuja kukagua mizani yetu ya malori, Rudi Upime aliitoa ile ndogo kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka mezani. Mkaguzi alicheka mpaka akakaa. Kisha akafungua sanduku lake la mawe ya shaba, akaijaribu kwa jiwe la gramu tano, la hamsini, la mia mbili, na akaibandika stika ya serikali ubavuni. Nadhani ndiyo mizani pekee ya jikoni yenye stika hiyo mjini kwetu.

Baada ya mizani vikafuata vya kila wiki. Mayai kwa trei. Krimu nzito, ambayo duka moja tu kubwa liliuza, upande wa pili wa mji, na ikiisha haijulikani itakuja lini. Mafuta ya kula, parachichi, vitamini za vidonge visivyo na sukari, vijikaratasi vya kupimia mkojo, vinavyoonyesha kwa rangi kama mwili unatumia mafuta, vipimo vya damu. Alikwenda kwenye ofisi ya bima na barua ya daktari. Binti wa dirishani aliisoma mara mbili, kwa adabu.

"Mzee, bima inalipa dawa."

"Hii ndiyo dawa yake."

"Hapa yameandikwa mayai."

"Ndiyo."

"Sasa mzee, mayai nitayaweka kwenye orodha gani?"

Akaikunja barua, akairudisha mfukoni. Mwezi wa pili pikipiki yake iliuzwa, akawa anakuja kazini kwa miguu, viatu vyekundu kwa udongo. Nyumbani wao wengine walikula maharage, na siku nyingine maharage tena. Siku moja dada mkubwa wa Chiriku, wa kidato cha pili, alitazama bakuli la mdogo wake lenye yai, krimu na vipande viwili vya karoti, akauliza, "Na mimi nikianguka nitapata mayai?" Mama yake hakucheka wala hakumkemea. Alimhamishia kijiko kimoja cha maharage kutoka sahani yake.

Chiriku mwenyewe alilalamika kwa siku tatu, kisha akazoea. "Baba, kwani mimi lori?" aliuliza. "Kila siku mafuta, kila siku mafuta."

Wiki saba za kwanza mama alichukua likizo isiyo na malipo na kumlisha kwa mkono wake. Kuanguka kulishuka hadi kumi na mbili, tisa, sita. Kile kijikaratasi cha mkojo kikawa kinageuka zambarau iliyokoza, ndivyo inavyotakiwa. Rudi Upime alikuwa akifika kazini asubuhi, anavua kofia, ananiambia namba tu. "Sita." Mimi nasema, "Sita ni nzuri." Yeye anafungua daftari.

Kisha msimamizi kule kiwanda cha sare akapiga simu. Arudi kazini au nafasi yake ichukuliwe. Wala hawakujadiliana sana, kwa sababu mshahara mmoja haukutosha kununua krimu. Mama akarudi kwenye cherehani. Akaletwa mama mkwe wa Rudi Upime, bibi yake Chiriku, mwanamke msafi wa kupindukia, mjane aliyelea watoto saba na ambaye mpaka leo hunyoosha shuka kwa pasi. Mpango ulikuwa rahisi. Baba anaamka mapema, anapima milo mitatu, anaiweka kwenye mabakuli matatu yenye vifuniko. Bibi kazi yake ni kupasha na kulisha. Mama anarudi jioni amechoka, mtoto ameshakula.

Wiki ya pili namba zikaanza kupanda. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na tano. Kijikaratasi kikawa na rangi ya waridi iliyopauka.

"Umepima vizuri?" nilimuuliza.

Alinitazama tu. Nikaomba radhi.

Kwa kuwa upimaji ulikuwa wake na hakuutilia shaka, akatilia shaka watu. Siku moja akifagia alikuta ganda la peremende chini ya mkeka. Huenda lilikuwa la dada mkubwa, huenda la mtoto wa jirani, lakini alilishika kiganjani na kumwendea mama mkwe, aliyekuwa akisugua mabakuli kwa maji ya moto.

"Mama, samahani. Mtoto amepewa kitu?"

"Kitu gani, mwanangu?"

"Kitamu."

Bibi aliendelea kusugua. "Ulichoacha kwenye bakuli ndicho alichokula."

"Nauliza tu, mama. Wakati mwingine mtu anaona huruma. Mtoto akilia kidogo..."

"Huyu halii. Anaongea."

"Na hili?" Akaonyesha lile ganda.

Bibi alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Nimelea saba," akasema. "Hakuna aliyeiba na hakuna aliyenipekua." Asubuhi yake mfuko wake ulikuwa umefungwa mlangoni. Alimuaga mkwewe kwa jina ambalo hakuwahi kumwita. "Haya, bwana karani. Mtoto wako huyo. Mpime mpaka nywele."

Mke wake hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimsemesha, ikawa afadhali angenyamaza. "Umemfukuza mama yangu," alisema. "Sasa kesho analishwa na nani? Na mizani?"

Zilibaki wiki mbili na nusu kufika siku ya daktari. Rudi Upime aliomba ruhusa ya kutoka mchana. Asubuhi jirani wa ukuta wa pili anakaa na mtoto, mchana yeye anakimbia nyumbani, analisha, anarudi akihema. Mimi nilishika madirisha yote mawili. Siku nne alilisha milo yote mwenyewe, hakuna mtu mwingine aliyegusa kijiko. Chiriku akaanguka mara kumi na nne, kumi na sita, kumi na nne, kumi na tano. Rangi ya kijikaratasi ikabaki palepale.

"Kumbe hakumpa kitu," aliniambia, akibana hati kwa pini. "Nimemfukuza mama wa watu bure." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Labda basi. Labda chakula kimemkataa kama dawa zilivyomkataa." Nikampa chai yangu.

Siku ya tano ilinyesha mvua. Udongo wa mvua ni mzito na unanata. Karibu na saa tano lori la dereva tunayemwita Masharubu lilimwaga mzigo na kupita kando ya mizani, likielekea geti.

"Rudi upime."

"Mzee, leo niache. Gari hili unalijua kuliko mke wangu anavyolijua."

"Rudi upime."

Akarudisha lori akisonya. Kwa kawaida lori lile likiwa tupu lina kilo elfu tisa na mia nne. Mizani ilisoma elfu kumi na mia mbili.

"Umebakiza mzigo," Rudi Upime akasema.

"Nimemwaga wote."

"Panda uangalie."

Masharubu akapanda, akachungulia. Udongo ulikuwa umeganda pembeni na chini, unang'aa, umekaa kama rangi. "Hiki nacho ni kitu?" akauliza.

"Kilo mia nane. Hujalipwa hizo, na sisi hatujazipata. Kaukombe."

Masharubu alikwenda na koleo, akitukana mvua, akamtukana na aliyegundua mizani. Mimi nilingoja namba ya kuandika kwenye hati. Haikuja. Nilipogeuka, Rudi Upime alikuwa ameshika kalamu haandiki.

"Dada," akasema. "Bakuli."

"Bakuli gani?"

"La nyumbani. Sijawahi kulipima likitoka."

Akachukua kofia akaondoka, saa ya mlo bado. Nilimwona anavuka uwanja, anaruka madimbwi, mtu wa miaka arobaini na saba.

Alichofanya ni hiki. Bakuli tupu pamoja na kijiko lilikuwa na gramu mia mbili thelathini na moja. Akaweka chakula, akamlisha Chiriku taratibu hadi akasema ameshiba na bakuli halina kitu. Hata yeye aliona halina kitu, isipokuwa mng'ao kuzunguka ubavu na tone kubwa la mafuta limejikalia chini. Akalirudisha kwenye mizani na kijiko chake. Mia mbili arobaini.

Gramu tisa. Na zote mafuta, kwa kuwa yai na karoti havigandi kwenye bakuli. Kila mlo ulikuwa na gramu thelathini na tisa za mafuta, zikibaki tisa mtoto anapata thelathini. Akapiga hesabu nyuma ya hati ya lori. Ile tatu kwa moja aliyoamka mapema kuipima ilikuwa ikifika tumboni mbili na kidogo. Mtaalamu wa lishe wa hospitali aliwaambia mtoto ale chote. Wao walidhani anakula chote.

Jioni alimsubiri mke wake mlangoni, hata hakumpokea mkoba.

"Ulipokuwa unamlisha wewe, mwisho ulikuwa unafanyaje?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa bakuli."

Mke wake alifikiri. "Nakomba kwa kidole, namlambisha."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Nani aniambie? Bei ya ile krimu unaijua. Ningeisuuza na maji?"

Alinisimulia hapo mara mbili, nami nikaelewa kwa nini. Wiki saba mtoto alikuwa akipona kwa sababu mama yake aliona uchungu wa pesa. Kisha akaja bibi, aliyefunza watoto saba kwamba mtu mwenye adabu hakombi sahani mbele za watu, na aliyeosha mabakuli kabla hayajapoa. Na baba, aliyewarudisha madereva kwenye mizani miaka kumi na tisa, hakuwahi kujirudisha mwenyewe.

Walinunua mwiko mdogo wa mpira wa kukombea. Siku ya nne kijikaratasi kikageuka zambarau. Kumi na moja. Tisa. Nane.

Jumapili alikwenda kwa mama mkwe. Alibeba bakuli, kijiko, chupa ya mafuta na ile mizani yenye stika. Bibi alimfungulia, akamwonyesha kiti, akaendelea kupiga pasi.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Na mizani?"

"Nataka uone."

"Nishaona mizani."

Hata hivyo akaionyesha. Akamimina mafuta bakulini, akayamwaga kwenye chupa, akaweka bakuli juu ya mizani. Bibi alivaa miwani. Alisoma namba, akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakitazama kidole chake.

"Kwa hiyo ni mimi kweli," akasema.

"Hapana, mama. Hata nilipolisha mimi yalibaki."

"Lakini mimi nilimkataza kulamba. Alitaka, nikamwambia watoto wa watu hawalambi." Alizima pasi. "Na wewe ukaja na ganda la peremende."

"Nilikosa."

"Ulikosa sana. Ungesema hujui, tungetafuta wote. Wewe ukaja unajua." Akakaa, ukaonekana umri wake. "Binti yangu anakula?"

"Anakula maharage."

"Amekonda. Nilimwona sokoni akajificha." Akavua miwani. Kisha akasema, "Nitarudi Jumatatu. Lakini hiyo mizani isikae mezani ninapokula mimi. Na ukiwa na la kuuliza, niulize kabla hujafagia."

Siku ya daktari walikwenda wawili na mtoto, na daftari la namba. Wastani wa wiki ya mwisho ulikuwa saba. Daktari alipiga hesabu kwa kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamjue. Imefanya kazi, akasema. Basi wataendelea. Kwa kawaida ni miaka miwili, kisha wanapunguza polepole.

Chiriku alimweleza muuguzi habari zote za kofia yake, tangu sponji ya kwanza. Wazazi walishukuru, wakachukua karatasi ya vipimo vipya vya damu, wakatoka na kukaa kwenye benchi ukumbini. Hakuna aliyenyanyuka.

"Nilikuwa naomba ifanye kazi," mke akasema.

"Imefanya."

"Ndiyo." Aliikunja ile karatasi mara nne. "Sikuwahi kufikiri ikifanya kazi itakuwaje."

"Miaka miwili."

"Mayai mangapi hayo?"

"Usiniulize, nitakwambia."

Mke wake akacheka kidogo, na kucheka huko kukawachosha wote wawili. Kisha wakaenda dirisha la malipo.

Pikipiki haijarudi. Bado anakuja kwa miguu, anavua kofia, ananipa namba. Tano. Siku nyingine sita. Juzi mbili, tukaogopa kusema kitu. Chakula cha mchana kikifika simu yake huita, naye huiweka sauti ya juu kwa sababu mkono mmoja uko kwenye daftari.

"Mia mbili thelathini na mbili," bibi anasema.

"Tupu ni thelathini na moja, mama."

"Najua. Hiyo moja ilikuwa kwenye kijiko. Nimeshamrudishia."

"Umepima tena?"

Nje lori limepanda mizani, dereva anapiga honi.

"Ngoja nirudi nikapime," bibi anasema.

Rudi Upime anangoja, simu iko wazi mezani. Mimi namwashiria dereva na yeye angoje.